Miza Hajajibu

Saadani, 12 Mfunguo Saba 1302 (Januari 1885)

Kwa shemeji yangu Bi Shaikha binti Darwesh, Bagamoyo.

Salamu nyingi zikufike wewe na watoto. Sisi huku wazima, na mke wangu Dija anakusalimu sana. Eda yako imekwisha, na Mungu amlaze ndugu yangu Hamoudi mahali pema huko Unyanyembe alikozikwa. Sasa ni wakati wa kusema mambo ya walio hai.

Bwanausi, mchukuzi wangu wa chumvi, aliyekuletea barua hii, alikaa Bagamoyo siku tisa mwezi uliopita. Anasema siku zote hizo hakuwaona Nunu na Miza chuoni kwa maalim hata mara moja. Nilidhani wanaumwa. Akasema la, aliwasikia ndani ya nyumba wakicheka. Wenzao wako mbele ya maalim wanasoma, watoto wa Hamoudi wako nyumbani wanacheka! Shemeji, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mimi ndiye walii wao sasa, mwenye kuwasimamia, na nitakwenda kuulizwa habari zao siku ya siku. Basi niandikie siku yao inavyopita, toka wanapoamka hata wanapolala, usinifiche kitu. Nikiona imenyooka, nitanyamaza. Nikiona imepinda, ujue nyumba yangu hapa ni kubwa, na Dija hakujaliwa mtoto. Kila siku ananiuliza habari za hao wawili, hasa yule mdogo.

Mpe Bwanausi jibu. Nimemwambia asirudi bila karatasi.

Ami yao, Humoud


Bagamoyo, 17 Mfunguo Saba 1302

Shemeji Bwana Humoud,

Barua yako imefika, na Bwanausi yuko uani anakunywa maji. Amekataa kuondoka, kama ulivyomwagiza.

Chuoni niliwatoa mimi. Nilikuwa bado katika eda, siwezi kutoka, nikamtuma Mwajabu, yule mama aliyenilea kwa baba yangu, akawachukue katikati ya somo. Unamjua Miza alivyo, ana kigugumizi. Ana miaka minane na tangu aanze kusema, neno likimkwama humshika kama mwiba ulioshika nguo: ukivuta inachanika, ukingoja inaachia. Maalim hakuwa na muda wa kungoja. Kila alipokwama, fimbo. Siku ile alirudi na alama kumi na moja mgongoni, nami nikazipaka mafuta moja moja huku nikisema basi, hapana tena. Umeniambia mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mwanangu alikwisha kulia, shemeji. Nilitaka asome.

Na anasoma. Sikiliza siku yao.

Alfajiri nawaamsha kwa maji ya uso, Nunu kwa wepesi, Miza kwa kumvuta miguu. Tukishasali tunakaa hapo hapo kwenye mkeka, kila mmoja na juzuu yake, mpaka mwanga uingie wa kutosha kuona uzi. Hakuna uji kabla ya hapo, hata mtu alie. Tukishakunywa uji tunakwenda uani kutwanga, na hapo ndipo mambo yalipo. Chuoni Miza alikuwa hawezi kuvuka aya moja, lakini kwenye kinu hasimami. Mchi ukishuka neno linatoka, ukipanda anavuta pumzi. Tumetwanga mpunga na tumetwanga sura nane, na majirani wanadhani tuna karamu kila siku.

Jua likipanda tunaingia ukumbini kusuka ukili. Hapo nawafundisha hesabu, maana msukaji asiyejua kuhesabu miyaa yake atatoa mkeka mpana huku na mwembamba kule. Nunu kashafika kugawanya. Miza anagawanya pia, ila anaonyesha kwa vidole badala ya kusema, nami namkubalia. Kisha jikoni. Yule mvuvi Mohamedi akipita na samaki, wao ndio wanaochagua, na wakichagua aliyelala macho ndiye tutakayemla, ili wajifunze.

Adhuhuri tunasali, tunakula, nafunga mlango wa ua, na watoto wanapumzika mpaka alasiri. Baada ya alasiri ni hadithi na vitendawili. Mtoto akishindwa anatoa mji, na Miza ana miji mingi kuliko liwali kwa sababu vitendawili hujibiwa kwa neno moja. Magharibi tunasali, isha tunasali, wanalala.

Ndiyo siku yao. Wanacheka humo ndani, kweli. Sikujua kucheka ni haramu.

Shaikha binti Darwesh


Saadani, 23 Mfunguo Saba 1302

Bi Shaikha,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliyasoma maneno, na sikuona kosa kubwa. Mara ya pili nikakwama kwenye saa ile ya baada ya adhuhuri. Watoto wawili wazima wanapumzika mchana kutwa, mlango umefungwa? Mimi sina mtoto, lakini nilikuwa mtoto.

Mara ya tatu nikaitazama hati. Hapo moyo ukanipasuka.

Ni nani aliyekuandikia? Mzee Haji wa sokoni namjua, barua zake kama kuku aliyepita kwenye majivu. Hii ni hati ya mtu aliyekaa na wanazuoni. Herufi zimekaa kwenye mstari kama watu walio kwenye safu ya sala. Mtu huyo hakuisikia habari hii kwa kupita njiani, maana ameandika mpaka mafuta uliyompaka mtoto mgongoni. Ina maana alikaa nawe. Alikaa muda mrefu. Na mlango wa ua, umeandika mwenyewe, unafungwa kila adhuhuri.

Ndugu yangu hajamaliza mwaka kaburini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sitaki lije kwenye nyumba ya Hamoudi.

Nitajie jina lake. Usiponitajia, mwezi ukiandama nakuja Bagamoyo na mashahidi wawili. Mtoto aliyekwisha kupambanua mambo huulizwa mwenyewe akae wapi, nami nitawauliza mbele ya watu kama wanakubali kuja kwangu. Nyumba yenye mwanamume asiyejulikana si nyumba ya kulea mabinti.

Humoud


Bagamoyo, 26 Mfunguo Saba 1302

Shemeji,

Umeisifu hati yangu kuliko ulivyowahi kuyasifu mapishi yangu, na umekula kwangu Idi sita.

Naam, yangu. Mwanamume unayemtafuta ni mimi. Njoo na mashahidi kumi, nitawakalia nyuma ya pazia na kupitisha karatasi chini yake, waniambie niandike nini.

Baba yangu Darwesh alikuwa akinakili misahafu. Macho yalipoanza kumwacha hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mimi. Alinipa kalamu nikiwa na miaka kumi na moja, akaniambia, "Huu ni wizi, mwanangu, tunawaibia wasiotaka tujue. Iba vizuri." Misahafu mitatu iliyo Bagamoyo leo, na mmoja ulio Unguja, kuanzia nusu yake ni mkono wangu. Watu wanaibusu kila Ijumaa. Hamoudi alijua. Barua zake zote ulizokuwa ukizipokea toka Bagamoyo, ukimsifu ndugu yako kwa mwandiko, wewe unadhani zilitoka wapi? Ndugu yako alikuwa mtu mwema, ila mwandiko wake ulimshinda hata yeye kuusoma.

Sasa nikwambie ile saa ya baada ya adhuhuri, maana nilikuficha na nimechoka kuficha. Nafunga mlango, Mwajabu anakaa mbele yake na kutafuta chawa wasiokuwapo kichwani mwake mwenyewe, na wanangu wanaandika. Tunakwangua masizi ya vyungu, tunayachanganya na ulimbo na maji, tunachonga kalamu za unyasi. Kila mmoja ana ubao wake. Wanaandika, nasahihisha, wanaosha, wanaandika tena. Nunu anaandika upesi na vibaya. Miza anaandika polepole, na Miza ndiye mwenye mkono wa baba yangu. Kwenye ubao hakuna kitu kinachomkwama. Siku ya kwanza alipoandika jina lake hadi mwisho bila kusimama alinitazama, nami nikatoka nje nikalia.

Najua mnavyosema. Msichana asome, asiandike, maana akijua kuandika atawaandikia wanaume. Ni kweli. Nimekuandikia wewe, hii mara ya pili, na sijaona utamu wake.

Sitaacha. Sikuombi ruhusa, nakupa habari.

Shaikha binti Darwesh, kwa mkono wake


Saadani, 14 Mfunguo Nane 1302

Bi Shaikha,

Tumefika salama. Wami ilikuwa imejaa, tukangoja siku nzima kabla ya kuvushwa. Miza hakulia njiani. Nakuandikia hilo kwanza kwa kuwa najua unalingoja.

Nakuomba radhi kwa habari ya mwanamume. Nimekuona ulivyopitisha karatasi chini ya pazia, na mashahidi wangu wakauma vidole. Ubao wa Nunu nao nimeuona. Sikuamini mpaka alipoufuta akauandika tena mbele yangu, na kwa makusudi akaandika jina langu kombo. Basi mwanamume hayupo. Lakini jambo lenyewe limekuwa baya zaidi, maana mwanamume angefukuzwa, na hili la kuandika limekwisha kuwaingia watoto.

Unanilaumu kwamba nimemnyakua mtoto. Sikumnyakua. Niliuliza, tena mbele ya watu. Nunu nilimwuliza, akasema "Siendi" kabla sijamaliza kuuliza, nami nikamwacha, sikumlazimisha. Miza nilimwuliza, akanyamaza. Nikauliza tena, akanyamaza. Shahidi akasema msichana akinyamaza amekubali, na wote tunajua hivyo tangu zamani. Wewe ulipopiga kelele nyuma ya pazia walikukanya, kwa sababu mtoto hachochewi wakati wa kuulizwa.

Yuko hapa. Anakula. Dija amemshonea kanzu, amemsuka nywele, anamlaza ubavuni pake. Usiku wa kwanza nilimsikia Dija akimwimbia, na miaka kumi na minne sijapata kumsikia mke wangu akiimba. Mtoto mwenyewe hasemi neno, ametulia tu. Nadhani amependa.

Kwangu atajifunza kusali, kupika na kuwa na haya. Kalamu sitaki kuiona.

Humoud


Bagamoyo, 19 Mfunguo Nane 1302

Humoud,

Salamu sikuandikii. Ukizitaka, nakurudishia zile za barua yako ya kwanza.

Kimya cha mwali ni jibu la posa. Mtu anaposwa, anaona haya, hawezi kusema mbele ya baba yake ndiyo nataka mume, basi dini ikamwonea huruma, ikakubali kimya chake. Mwanangu aliposwa na nani? Ana miaka minane, ana meno mapya ya mbele. Mmechukua huruma aliyofanyiwa bikira mkaifanya kamba ya kumfungia mtoto.

Tena hakunyamaza. Nilikuwa nyuma ya pazia nikimsikia. Wewe ulisikia kimya, mimi nilisikia pumzi yake ikipanda na ile "s" inavyomshika mdomoni. Alikuwa anajibu, Humoud! Uliuliza mara ya pili ukamkata, akalazimika kuanza upya. Nilipiga kelele nikisema mngojeni, mngojeni, mkaniambia namchochea. Ungengoja kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa ungelisikia neno lake. Watu wazima watatu mmetoka Saadani, mkashindwa kumngoja mtoto mmoja, kisha njiani mkangoja siku nzima Wami ipungue. Miza hajajibu mpaka leo. Yuko kwenye herufi ile ile uliyomwacha nayo.

Unasema ametulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa kadhi nimekwenda. Amesema mtoto aulizwe tena, na jibu lake lieleweke na mashahidi, kisha litafuatwa. Karatasi yake hii hapa, Bwanausi ameiona ikipigwa muhuri. Basi mwulize tena, na safari hii umpe kalamu. Hutaki kuiona? Fumba macho.

Maneno yafuatayo ni ya Dija, msomee, usiruke hata moja. Dada yangu, sina ugomvi nawe. Mtoto huyo aamshwe alfajiri kwa kuvutwa miguu, asipewe uji kabla ya kusoma. Akisoma apewe mchi atwange, hata kama hakuna cha kutwanga. Asikamilishiwe neno. Usimwambie "sema polepole", wala usimtazame mdomoni. Mtazame macho na ungoje. Na ile saa baada ya adhuhuri ni yake. Najua unampenda. Mimi sikuzaa mtoto wa kuziba pengo, nimezaa Miza.

Nunu anakataa kula mpaka ndugu yake arudi. Nimemwambia kukataa ni vizuri, ila akatae ameshiba.

Shaikha binti Darwesh, kwa mkono wake


Saadani, 9 Mfunguo Tisa 1302

Bi Shaikha,

Bwanausi anakuja na Miza. Amempandisha punda, na nimemwagiza wasivuke Wami kabla maji hayajatulia.

Wiki mbili sikuitii barua yako, nakiri. Ile ya kadhi niliiweka chini ya mto nikasema nitafikiri. Yale ya Dija nilimsomea, kwa kuwa ni ya kwake, na nilipofika mwisho akainuka akaenda jikoni. Mimi nikadhani amechukia. Tangu siku ile nikawa naamka kwa kishindo cha mchi na sauti mbili zikisoma pamoja. Sikuwazuia. Nikajiambia kutwanga si kuandika.

Jana nilikuwa barazani na wale wale mashahidi wawili. Mtoto akatoka ndani, akanipa karatasi iliyofungwa humu, akasimama mbele yangu hakuondoka. Niliisoma kwa sauti, utaona mwenyewe kwa nini. Nilipomaliza niliwauliza wenzangu kama jibu la karatasi ni jibu. Yule mkubwa, ndiye aliyesema msichana akinyamaza amekubali, akanijibu kwamba kalamu nayo ni ulimi, akachukua viatu vyake akaenda zake.

Wino aliupata wapi? Nilimwuliza Dija. Akasema kila chungu cha nyumba hii kina masizi, kwani mimi sijui? Tangu hapo hajasema nami. Asubuhi alimvalisha mtoto ile kanzu, akamsindikiza hadi mwisho wa mitende, na hajarudi ndani mpaka saa hii ninapoandika.

Sikubaliani nawe. Niliona sawa nikwambie hivyo. Lakini mtoto ameulizwa, na mtoto amejibu.

Humoud


Saadani, tarehe siijui, ni Jumanne

Ami Humoud, shikamoo.

Ulipokuja kwetu uliniuliza kama nakubali kuja kukaa kwako. Nilianza kujibu. Ukauliza tena, nikaanza tena. Halafu mkasema nimekubali, nikapandishwa punda na neno langu bado liko mdomoni.

Nunu ulimi wake mwepesi, ukamwacha. Mimi ulimi wangu mzito, ukanichukua. Hiyo si haki.

Mama Dija ni mzuri kwangu, na vitumbua vyake ni vitamu kuliko vya mama, lakini usimwambie mama. Masizi nilimwomba mimi, usimgombeze. Namfundisha kuandika jina lake. Ameshafika kwenye herufi ya jimu.

Kila siku naamka alfajiri. Nasoma, natwanga, nasuka, na adhuhuri naandika kwa kidole juu ya mkeka pasipokuwa na wino. Hakuna aliyeniamuru. Nimefanya siku zote hizi na sijaruka hata moja, ili nikirudi Nunu asinipite.

Jibu langu ni hili. Sikubali. Sikubali kukaa hapa, sikubali kuulizwa na watu wasiongoja, na sikubali kunyang'anywa kalamu.

Najua ukiisoma kimya kimya utaikunja na kuitia mfukoni. Kwa hiyo nitasimama hapa hapa mbele yako. Mimi nimekwisha kuandika, sasa wewe sema. Isome kwa sauti, Ami, mashahidi wasikie.

Miza binti Hamoudi